Asili na Safari za Maneno ya Kunyanyua Vyuma na Kujenga Mwili

Makala haya yakusudia kueleza asili ya baadhi ya maneno yatumiwayo na watu wanyanyuao vyuma na kujenga miili, na safari ambazo maneno hayo yamekwenda kabla ya kutufikia. Huenda msomaji akastaajabu kuona habari za vyuma katika jarida la wachunguzi wa lugha. Lakini fani hii ina sifa moja impendezayo mchunguzi: vyombo vyake ni vichache, na matendo yake ni yale yale ya kuinua na kutua. Kwa hiyo mabadiliko ya maneno yake huonekana waziwazi kuliko katika fani zilizo pana.

Sababu iliyonisukuma kuandika ni kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, muda si mrefu baada ya kurudi kutoka masomoni ng'ambo, niliombwa kuipitia orodha ya maneno iliyotayarishwa kwa ajili ya walimu wa michezo. Mbele ya neno la Kiingereza "dumbbell" palikuwa pameandikwa "kengele bubu". Nikaipitisha, tena nikaisifu kuwa ni tafsiri aminifu. Mbele ya "dead lift" palikuwa na "mnyanyuo wa maiti". Hilo nikalibadili kuwa "mnyanyuo wa kifo", nikidhani nimelitengeneza. Orodha ikapigwa chapa.

Baadaye nilikwenda katika uwanja mmoja wa mazoezi karibu na nyumbani, nikiwa na nakala mkononi. Mwalimu wa pale, mtu wa makamo, aliisoma kwa adabu kutoka juu hata chini, kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii kengele iko wapi?" Sikuwa na jibu. Naye kijana aliyekuwa karibu, alipofika penye "mnyanyuo wa kifo", alisema kuwa yeye ameacha kazini mapema ili aje kutafuta afya. Walicheka, nami nikacheka. Lakini njiani nilifikiri kwamba karatasi ile ingekwenda mikononi mwa walimu ambao hawakupata kukiona chuma wanachokifundisha, na kwamba mgongo wa mwanafunzi hauponi kwa sababu tafsiri ni aminifu.

Tokea siku hiyo nimejaribu kufuatia maneno haya mpaka yalikozaliwa. Niliyoyaona yathibitisha jambo moja: neno la fani mara nyingi ni mabaki ya tendo au chombo kilichokwisha kusahauliwa. Mwenye kulifasiri neno peke yake hufasiri mabaki. Hapana budi alijue tendo lenyewe kwanza.

Maneno ya Wayunani

Fani hii yapenda kujinasibisha na Wayunani, na nusu ya maneno yake ya kitaalamu yatoka kwao. Neno "gymnasium", ambalo Waswahili wa mijini hulikata na kuliita jimu, latokana na "gymnos", yaani uchi, kwa kuwa Wayunani walifanya mazoezi bila nguo. Leo hakuna afanyaye hivyo, wala hakuna akumbukaye. Katika nchi ya Ujerumani neno "Gymnasium" halina hata chuma ndani yake. Ni shule ya sekondari. Neno moja basi limegawanyika njia mbili, kwa kuwa uwanja wa Wayunani ulikuwa mahali pa kufunza mwili na pa kufunza akili pia, na kila taifa likarithi upande wake.

Neno lao la zoezi lilikuwa "askesis". Kwanza lilihusu mwanamichezo ajizoezaye, kisha wanafalsafa wakalichukua, na baadaye watawa wa Kikristo, hata likawa na maana ya kujinyima na kujitesa kwa ajili ya roho. Hapa Kiswahili chafanana na Kiyunani. "Zoezi" latokana na kuzoea; mazoezi ni yale yamfanyayo mtu akazoea lililokuwa zito. Aliyelibuni hakutazama uwanja wa mtu mwingine. Alitazama litendekalo ndani ya mtu. Hili ni mojawapo ya maneno yetu bora katika fani hii.

Chombo chao kilichotajwa sana ni "halteres", vizito vya jiwe au vya madini, vyenye uzito wa kilo chache, alivyovishika mrukaji mikononi ili vimsaidie kuruka mbali. Galen, mganga maarufu wa karne ya 2, aliandika juu ya mazoezi ya kuviinua kwa ajili ya afya. Kwa hiyo chombo cha kurukia kilikwisha kuwa chombo cha kujengea nguvu tangu zama zile. Mwaka 1569 mganga wa Kiitalia, Girolamo Mercuriale, alitoa kitabu cha Kilatini juu ya sanaa ya mazoezi, akalifufua neno hilo pamoja na mengine mengi. Mpaka leo Wafaransa huita vizito vya mkono "haltères", na mchezo wa kunyanyua vyuma "haltérophilie", yaani kupenda haltere, ingawa hakuna arukaye.

Wayunani pia walinyanyua vitu vizito hasa. Huko Olympia palipatikana jiwe la karne ya 6 kabla ya Kristo, lenye uzito wa kilo 143.5, na maandishi yake yadai kwamba mtu aitwaye Bybon alilirusha juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja. Nayo hadithi ya Milo wa Croton, bingwa wa mieleka, yajulikana kwa kila mwalimu wa fani hii: husemwa kwamba alimbeba ndama kila siku mpaka ndama akawa fahali. Hadithi hii ina kanuni nzima ya kuongeza uzito kidogo kidogo, lakini Wayunani hawakuipa jina. Jina lake lilisubiri zaidi ya miaka elfu mbili, kama tutakavyoona.

Panya, vichwa na pembetatu

Yafaa sasa kutazama majina ya viungo. Neno "muscle" la Kiingereza na ndugu zake katika lugha nyingi za Ulaya latokana na Kilatini "musculus", maana yake panya mdogo. Kiyunani nacho kilitumia neno moja, "mys", kwa panya na kwa msuli. Bila shaka aliyelitunga alitazama jinsi nyama ya mkono ipandavyo na kushuka chini ya ngozi mtu akunjapo kiwiko. "Biceps" ni wenye vichwa viwili, "triceps" wenye vitatu, "quadriceps" wenye vinne, kwa hesabu ya mashina yaushikayo mfupa. Msuli wa bega ukaitwa "deltoid" kwa kuwa wafanana na pembetatu ya herufi ya nne ya Kiyunani.

Katika Kiswahili tuna "tafu" na "shavu", kama katika kusema tafu la mguu au shavu la mkono. Wenye lugha waliona uvimbe wa nyama wakaufananisha na shavu la uso. Je, mfano wa shavu ni duni kuliko mfano wa panya? La, hasha. Tofauti ni kwamba panya wa Warumi alivikwa kanzu ya kitaalamu na waganga, na shavu letu halikuvikwa. Hakuna mwanafunzi wa uganga Ulaya amwonaye panya anaposema "muscle". Neno limekwisha kufa kama mfano na kuishi kama jina. Shavu la mkono laweza kufanya vivyo hivyo likitumiwa kwa kudumu.

Kengele isiyolia

Sasa tuifikie kengele iliyonitia aibu. Katika Uingereza ya karne ya 17 na ya 18, kupiga kengele za kanisa ilikuwa kazi ya nguvu: mtu huvuta kamba ndefu, na kengele nzito yapinduka juu ya mnara. Waliotaka kujizoeza bila kuwasumbua majirani walitengeneza chombo cha kamba na gurudumu au mti wenye vizito, kilichovutwa kama kengele lakini bila sauti. Hicho ndicho kilichoitwa kengele bubu. Katika jumba la Knole, katika jimbo la Kent, kimebaki chombo cha namna hiyo, na ukumbi kilimokuwa umepewa jina lake.

Mwandishi Joseph Addison, katika gazeti la The Spectator la tarehe 12 Julai 1711, alieleza kwamba yeye hujizoeza kila asubuhi kwa kengele bubu iliyo pembeni mwa chumba chake, na kwamba mwenye nyumba wake amekwisha kuzijua saa zake hata hamsumbui. Katika makala hayo hayo ataja zoezi jingine, la kushika vijiti viwili vifupi vyenye risasi katika ncha zake na kuvitupa huku na huku kama apiganaye na kivuli. Zoezi hilo aliliita kwa jina la Kiyunani lenye maana ya kupigana na kivuli. Msomaji na aangalie vema: chombo ambacho leo huitwa "dumbbell", yaani kijiti kifupi chenye vizito ncha mbili, Addison alikuwa nacho mkononi, lakini hakukiita hivyo. Jina alilipa chombo kingine.

Katika karne hiyo ya 18 jina lilihama. Kamba na gurudumu vikaachwa, na vizito vya mkono vikarithi jina la kengele. Benjamin Franklin, katika barua aliyompelekea mwanawe mwaka 1772, alisifu mazoezi ya kengele bubu, akasema kwamba kwa kuipunga mara 40 mapigo ya moyo wake yalipanda kutoka 60 hadi 100 kwa dakika. Hapo ndipo twaona fani ikianza kuhesabu, jambo tutakalolirudia.

Kuhama kwa namna hii si kwa Waingereza peke yao. Katika nyumba za nguvu za Uajemi, ziitwazo "zurkhaneh", ambazo desturi zake ziliandikwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa wanadamu, mpiganaji hulala chali akainua mbao mbili kubwa zenye umbo la ngao. Mbao hizo huitwa "sang", yaani jiwe. Jiwe limekuwa mti, na jina halikubadilika.

Walipokuja watengenezaji wa fimbo ndefu yenye vizito ncha mbili, katika nusu ya pili ya karne ya 19, Waingereza waliiita "barbell". Walichukua neno la fimbo wakaliunga na kipande cha "dumbbell", kana kwamba "bell" maana yake ni uzito. Hapa kengele haiko kabisa. Haikuwako hata ya bubu. Lugha imekata kipande cha neno lililosahauliwa na kukifanya kiungo cha neno jipya. Wajerumani, kwa upande wao, hukiita chombo "Hantel", neno la Kijerumani cha kaskazini lenye maana ya mahali pa kushikia. Wao walitazama mkono. Kwa hiyo anayefasiri "dumbbell" kuwa kengele bubu amefasiri chombo cha Addison. Chombo kilicho mbele ya mwanafunzi hakukigusa.

Mtu aliyetaka lugha safi

Habari ya Friedrich Ludwig Jahn ina mafunzo kwetu. Mwaka 1811 alifungua uwanja wa mazoezi huko Hasenheide, Berlin, wakati nchi yake imedhulumiwa na majeshi ya Napoleon. Alitaka kuwajenga vijana miili na uzalendo pamoja, na hakutaka maneno ya kigeni. Akalikataa neno "Gymnastik" kwa kuwa ni la Kiyunani, akachagua "turnen", akiamini kwamba ni neno la Kijerumani cha asili. Wataalamu wa lugha wameonyesha kwamba lilitoka katika Kilatini "tornare", kuzungusha katika mashine ya kukerezea, na Kilatini nacho kililipata kutoka Kiyunani "tornos". Alimfukuza Myunani mlangoni, naye akaingia dirishani.

Hata hivyo, neno lake lilishinda. Mwaka 1820 serikali ya Prussia ilipiga marufuku mazoezi hayo kwa kuogopa siasa zake, na marufuku ilidumu hata 1842. Lakini neno halikufa, na mpaka leo Wajerumani hulitumia kwa mazoezi ya viungo. Halikuishi kwa usafi wa nasaba yake, maana nasaba ilikuwa ya kudhaniwa tu. Liliishi kwa sababu maelfu ya vijana walilitenda kabla ya kuliandika. Wale wetu tupendao kubishana kama neno fulani ni la Kibantu au la Kiarabu tungefaa kulikumbuka jambo hili.

Sarakasi, biashara na kujenga mwili

Katika karne ya 19 chuma kiliingia jukwaani. Wenye nguvu wa sarakasi walinyanyua fimbo zenye tufe ncha mbili, na baadhi ya tufe zilikuwa tupu ndani, zikajazwa mchanga au marisau kwa kadiri iliyotakiwa. Mwaka 1902 Alan Calvert alianzisha huko Philadelphia kampuni ya kuuza fimbo za uzito ubadilikao, akaipa jina la Milo, yule aliyembeba ndama. Hapo mtu wa kawaida aliweza kununua chombo kwa posta, na pamoja na chombo alinunua maneno yake.

Aliyetangaza fani kuliko wote alikuwa Eugen Sandow, mzaliwa wa Königsberg mwaka 1867, ambaye jina lake la kwanza lilikuwa Friedrich Wilhelm Müller. Tarehe 14 Septemba 1901 alifanya mashindano makubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Washindani hawakunyanyua kitu, walitazamwa tu. Pamoja na Sandow waamuzi walikuwa mchonga sanamu Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle, na mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Kilichopimwa hakikuwa ukubwa peke yake. Ulinganifu wa viungo na afya pia vilihesabiwa. Siku ile nguvu na umbo, vilivyokuwa kitu kimoja, vilianza kuachana, na kila kimoja kikahitaji jina lake.

Jina la umbo lilikuwa "body-building". Husemwa kwamba alilianzisha Robert Roberts, mwalimu wa mazoezi wa chama cha vijana wa Kikristo huko Boston, mwaka 1881. Yeye alikusudia mazoezi mepesi ya afya, tena alikuwa mpinzani wa maonyesho ya nguvu. Sandow alilitia katika jina la kitabu chake mwaka 1904, na tangu hapo likahamia polepole upande wa jukwaa na kioo. Roberts angefufuka leo asingelitambua neno lake.

Ugomvi ndani ya neno

Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 1896 ilikuwa na minyanyuo miwili. Launceston Elliot wa Uingereza alishinda ule wa mkono mmoja kwa kilo 71. Viggo Jensen wa Denmark alishinda ule wa mikono miwili kwa kilo 111.5, uzito ule ule alioufikia Elliot, lakini waamuzi walimpendelea Jensen kwa uzuri wa mtindo. Mwaka 1928, huko Amsterdam, pakawekwa minyanyuo mitatu ya mikono miwili. Mmoja, wa kusukuma juu polepole, uliondolewa baada ya michezo ya Munich ya 1972, kwa kuwa waamuzi hawakuweza tena kukubaliana nani amesukuma na nani ameegemea nyuma. Imebaki miwili.

Wa kwanza ni kuchukua chuma sakafuni na kukifikisha juu ya kichwa kwa tendo moja. Waingereza huuita "snatch", kunyakua. Wafaransa "arraché", kung'oa. Wajerumani "Reißen", kurarua. Kila lugha imetazama tendo lile lile na kila moja imelipata.

Wa pili ni wa vituo viwili: kwanza begani, kisha juu. Wafaransa huita kituo cha kwanza "épaulé", cha kutiwa begani, na cha pili "jeté", cha kurushwa. Waingereza kituo cha kwanza hukiita "clean", yaani safi. Usafi gani? Jibu limo katika ugomvi wa zamani. Wanyanyuaji wa Ujerumani na Austria walizoea kupandisha chuma kwa hatua, wakikipumzisha juu ya mshipi tumboni. Waingereza na Wafaransa walidai kipande mara moja, bila kugusa mwili njiani. Namna hii wakaiita safi, ile nyingine wakaiita ya bara. Ugomvi umekwisha zamani, na neno limebaki peke yake. Atakayelifasiri kuwa kusafisha atamfanya mwanafunzi atafute kitambaa.

Vivyo hivyo "dead" katika "dead lift" si kifo. Kwa Waingereza neno hilo laweza kumaanisha kilichotulia kabisa, na chuma hicho huinuliwa kikiwa kimetulia sakafuni, bila kuyumbishwa wala kupata msaada wa mwendo. Mfu ni mwendo, si mtu.

Hospitali yaleta hesabu

Maneno yatumiwayo zaidi kila siku, yale ya kuhesabu, yalipata utaratibu wake hospitalini. Katika miaka ya mwisho ya vita vya pili vya dunia, Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago, alikuwa na askari wengi waliovunjika miguu na magoti. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa mpenzi wa vyuma, akawapa uzito mkubwa wa mara chache, nao wakapona upesi kuliko ilivyotazamiwa. Alitangaza kazi hiyo mwaka 1945. Kipimo chake kilikuwa uzito ambao mgonjwa aweza kuuinua mara 10 na asiweze mara ya 11. Mwaka 1948 yeye na Arthur Watkins walipendekeza mikupuo 3 ya mara 10: wa kwanza kwa nusu ya uzito ule, wa pili kwa robo tatu, wa tatu kwa uzito wote. Kanuni ya kuongeza uzito kidogo kidogo wakaipa jina la kitaalamu. Hapo ndama wa Milo alipata jina lake.

Waganga walileta pia neno "hypertrophy", la Kiyunani, lenye maana ya lishe iliyopita kiasi. Kwao mara nyingi lilikuwa jina la ugonjwa, kama moyo uliotanuka. Kwa mjenga mwili ndilo lengo alitokalo jasho. Neno ni moja, mmoja alihofia na mwingine alitamani.

Maneno yetu

Twende sasa kwa Kiswahili. La kwanza nitakalolitaja ni "kujenga mwili". Tafsiri ya "body-building" ilikuwapo, lakini ilikwisha kuchukuliwa na somo la lishe: kila mtoto wa shule amefundishwa kwamba nyama, samaki na maharagwe ni vyakula vya kujenga mwili. Jina liliingia jikoni. Kwa hiyo watu, walipohitaji kuutaja mchezo wenyewe, walisema "kutunisha misuli", kutokana na kutuna, yaani kuvimba. Hakuna kamati iliyolitunga. Na limefaulu hata likatoka uwanjani: taifa litishalo jirani yake kwa majeshi husemwa kuwa linatunisha misuli.

Maneno mengine yamesafiri mbali zaidi. "Baunsa" limetoka katika jina la Kiingereza la mlinzi wa mlango wa dansi; Tanzania limekuwa jina la mtu yeyote aliyejengeka, hata kama hajalinda mlango wowote. Wanafunzi wa vyuo husema wanapiga msuli, maana yake wanasoma kwa bidii usiku kucha. Basi neno la mwili limekuwa neno la akili, kinyume cha safari ya "gymnasium" kutoka uwanjani hata darasani, lakini mwisho wake ni ule ule.

Kabla ya hayo yote palikuwa na "mtu wa miraba minne". Mraba ni neno la Kiarabu, na mfano wenyewe wafaa kulinganishwa na wa mbali. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, asema kwamba sanamu za Polykleitos, mchongaji wa miili ya wanamichezo, ziliitwa za miraba. Sidai kwamba Waswahili walimwiga Mrumi. Nasema tu kwamba macho ya watu wawili, mbali mbali, yaliutazama mwili uliolingana yakaona umbo moja.

Hazina yetu kubwa, hata hivyo, ni maneno ya uchukuzi. Katika njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, mpagazi wa karne ya 19 alibeba kiasi cha frasila mbili, na frasila moja ni ratli 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Watu waliobeba hivyo kwa miezi hawakukosa maneno. Kuinua mzigo na kuuweka kichwani au begani ni kutwika. Kujiwekea mwenyewe ni kujitwika. Kuuweka chini ni kutua. Mti uliobebwa begani, wenye mzigo mbele na nyuma, ni mzegazega. Ni nini fimbo ya chuma yenye vizito huku na huku, ikiwa si ndugu wa mzegazega? Na vijana wa mitaani, wajazao saruji katika makopo mawili na kuyaunga kwa bomba, wametengeneza chombo hicho kwa mikono yao bila kungoja orodha.

Kwa hiyo nathubutu kupendekeza machache. "Dumbbell" iwe chuma cha mkono, kama alivyoniambia mwalimu yule. "Snatch" iwe kunyakua. Kituo cha begani kiwe kujitwika, na cha juu kiwe kurusha. "Dead lift" iwe kuinua kutoka chini, maana ndilo tendo, na ndilo litakalomkumbusha mwanafunzi kukaza mgongo kabla chuma hakijaondoka sakafuni. "Squat" ni kuchuchumaa, wala halihitaji jingine. Mfululizo wa kuinua bila kupumzika uwe mkupuo, na kila kuinua kuwe mara: mikupuo 3 ya mara 10. Jimu na pushapu yaachwe yalivyo, kwa kuwa watu wamekwisha kuyapokea, na neno lililopokewa si geni tena.

Mapendekezo haya si amri. Wenye kushika vyuma ndio waamuzi, na wakiwa na maneno bora tutayaandika. Orodha ile ya kwanza siwezi kuirudisha yote. Nakala nilizozipata nimezisahihisha kwa kalamu, moja moja. Zilizobaki zimo katika makabati ya shule nisizozijua, na ndani yake kengele bubu ingali ikisubiri kupigwa. Mwalimu atakayeikuta na alisome neno hili kuwa ndilo sahihisho lake.